Si amri ya Hitler iliyoichelewesha Me 262, ni injini zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua za wasomaji nijibu makala ya ndege za vita iliyotoka katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita, ile iliyoeleza habari za Messerschmitt Me 262, ndege ya jeti ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Nimeisoma yote, nikairudia. Mwandishi wenu anajua kusimulia, na nampongeza kwa kuwaletea wasomaji wa Kiswahili habari za ufundi ambazo magazeti yetu huzipita mbali. Lakini kiini cha makala yake ni hadithi iliyozoeleka mno: kwamba Wajerumani walikuwa na silaha ya kushinda vita mkononi, Hitler akaiharibu kwa ukaidi wake alipoamuru ndege hiyo ibebe mabomu. Hadithi hiyo haisimami. Wiki hii nimewasikia vijana wa ufundi ninaowafundisha wakiirudia neno kwa neno, makala yenu ikiwa mezani, nikaona sitakaa kimya.

Mimi ni fundi wa injini za ndege, mstaafu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa upande wa moto wa injini: chemba za kuchomea mafuta, tabaini (gurudumu la mapanga linalozungushwa na gesi ya moto), na bomba la kutolea gesi. Rubani huuliza ndege inakwenda kasi gani. Sisi wa upande wa moto huuliza chuma kilicho nyuma ya ule moto kitadumu saa ngapi. Isome historia ya Me 262 kwa swali hilo la pili, utaona Hitler anasogea pembeni sana.

Kazi ya kuichora ndege hii ilianza kabla ya vita. Wizara ya Anga ya Ujerumani ilimtaka Messerschmitt, mwenye kiwanda cha ndege, achore ndege ya kufungwa injini mbili za jeti ambazo kampuni ya BMW walikuwa wakizitengeneza. Mchoro ukapewa namba P.1065, ukawasilishwa Juni 1939. Aliyewaongoza wachoraji pale Augsburg ni Woldemar Voigt. Tarehe 27 Agosti mwaka huohuo, kule Rostock, kampuni ya Heinkel ikarusha He 178, ndege ya kwanza duniani kupaa kwa nguvu ya jeti peke yake, injini yake ikiwa kazi ya kijana Hans von Ohain. Ujuzi ulikuwapo, na ulikuwapo mapema. Machi 1940 Messerschmitt akaagizwa aunde ndege za majaribio.

Ndege ikawa tayari, injini hakuna. Hapa nawaomba wasomaji watulie kidogo, maana makala yenu imepapita kwa sentensi moja. Tarehe 18 Aprili 1941 rubani wa majaribio Fritz Wendel aliirusha Me 262 ya kwanza kutoka Augsburg ikiwa na pangaboi puani. Walikuwa wameifunga Jumo 210, injini ya pistoni, kwa sababu hakukuwa na jeti hata moja ya kuitundika bawani. Ukapita karibu mwaka mzima. Tarehe 25 Machi 1942 jeti mbili za BMW zikafungwa, lakini ile pistoni wakaiacha palepale kwa tahadhari. Tahadhari hiyo ndiyo iliyomwokoa Wendel. Muda mfupi baada ya kupaa jeti zote mbili zilizima, mapanga ya kompresa, mtambo wa mbele unaosindika hewa, yamevunjika, naye akarudi chini kwa pangaboi. Amri ya Hitler ilikuwa bado mbele kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Hata lile bawa lililolazwa nyuma, ambalo mwandishi analitaja kuwa ushahidi kwamba wachoraji walikwisha kuijua siri ya kasi kubwa, lina maelezo mengine. Wataalamu wa Ujerumani walikuwa wanaijua nadharia ya bawa lililolazwa, hilo ni kweli. Lakini kwenye Me 262 sehemu ya nje ya bawa ililazwa nyuzi 18 na nusu kwa sababu injini zilikuwa zinatoka kiwandani nzito kuliko zilivyotarajiwa, na uzito wa ndege ukawa umehama. Kulilaza bawa kukaurudisha mlingano. Injini ilikuwa inaichora ndege, hata pale ambapo yenyewe haijafika.

Mkombozi alitoka Dessau, kwenye kampuni ya Junkers, na aliyeongoza kazi ni Mwaustria Anselm Franz. Injini yake ni Jumo 004. Franz alichagua kompresa ndefu ya hatua nane, hewa ikipita moja kwa moja kutoka mbele kwenda nyuma, kisha chemba sita za kuchomea mafuta, kisha gurudumu moja la tabaini. Waingereza chini ya Frank Whittle walikuwa wameshika njia nyingine, ya gurudumu linalotupa hewa pembeni, fupi na pana. Franz alijua kwamba njia yake ni ngumu kuitengeneza, lakini injini inakuwa nyembamba na inakata upepo vizuri. Injini karibu zote za ndege kubwa za abiria tunazozihudumia leo zimefuata mkondo huo wa hewa, na kila mara nafurahi kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo.

Tarehe 18 Julai 1942, uwanja wa Leipheim karibu na Günzburg, Wendel akapaa kwa Jumo mbili bila pangaboi. Ndege ile ilikuwa bado na gurudumu la mkiani, kwa hiyo ilisimama pua juu, gesi ya injini ikipiga ardhi na usukani wa mkiani ukikosa upepo. Ilibidi, mwendo ukifika kama kilomita 180 kwa saa, rubani aguse breki kidogo ili mkia uinuke. Hebu fikirieni, uko katikati ya uwanja, unataka kupaa, na unakanyaga breki! Wendel aliweza, akaruka dakika 12. Mwezi uliofuata Heinrich Beauvais, rubani kutoka kituo cha majaribio cha Rechlin, alijaribu ndege hiyohiyo, mkia ukagoma kuinuka kwa wakati wake, akaishia nje ya uwanja na ndege ikaharibika vibaya. Baadaye wakahamishia gurudumu puani, na tatizo likaisha.

Mtu atauliza: kama Julai 1942 ilipaa vizuri, kwa nini ilingoja miaka miwili kuingia vitani? Jibu liko katika madini, na hapa ndipo makala ilipaswa kukaa.

Injini ya pistoni hulipuka, kisha silinda inavuta hewa baridi, inapoa kidogo, inalipuka tena. Jeti haina nafasi hiyo. Moto wake hauzimi tangu inapowashwa mpaka rubani anapoizima, na panga la tabaini linakaa ndani ya moto huo, zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, huku likizunguka karibu mara 9,000 kwa dakika. Ukiweka chuma cha kawaida hapo, nguvu ya mzunguko inakivuta na joto linakilegeza. Kinarefuka kidogo kidogo hadi ncha inagusa ganda, au kinakatika. Dawa inajulikana: nikeli kwa wingi, kromi, kobalti, molibdeni. Jumo 004 ya mwanzo, ile ya alama A, iliundwa bila kubana madini hayo, na ilizunguka vizuri. Ila haikuwezekana kuizalisha kwa maelfu, kwa sababu Ujerumani haikuwa na madini ya kutosha.

Nikeli yao kubwa ilitoka Petsamo, kaskazini kabisa mwa Ufini ya wakati ule. Kromi iliwafikia kutoka Uturuki, na Aprili 1944 Uturuki ikafunga mlango. Kobalti? Nchi iliyoongoza kwa kobalti duniani ilikuwa Kongo, kule Katanga, kwa ndugu zetu wa Lubumbashi na Likasi wanaosoma gazeti hili na kuzungumza Kiswahili chao kizuri. Wabelgiji waliotawala Kongo walikuwa upande wa Washirika, kwa hiyo madini ya Katanga hayakwenda Berlin. Wamarekani walikuwa na aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya kobalti ya kutengenezea mapanga ya tabaini. Waingereza walikuwa na aloi yao ya nikeli, Nimonic 80, na nikeli ya Kanada ya kuimwagia. Franz na wenzake walikuwa na chuma cha kawaida na akili zao.

Kwa hiyo wakaichora injini upya. Hiyo ndiyo 004B, na kwangu mimi ndiyo kazi kubwa kuliko ndege yenyewe. Chemba za kuchomea mafuta zilifanywa kwa bati la chuma cha kawaida lililopakwa alumini ili lisiliwe na moto. Mapanga ya tabaini, 61 kwa kila gurudumu, yakafanywa matupu ndani, hewa iliyoibwa kwenye kompresa ikipita humo kuyapoza. Aloi ya kwanza, Tinidur ya Krupp, ilikuwa bado na nikeli nyingi, na ilikuwa ngumu kuichomelea, kwa hiyo kila panga lilivutwa kwa mashine kutoka kisahani kimoja cha chuma. Baadaye ikaja Cromadur: nikeli ikaondolewa, manganizi ikaingia. Ilistahimili kuvutwa na mzunguko kwa udhaifu zaidi, lakini ilikubali kuchomelewa, basi mafundi wakakunja bati mara mbili kama mchuuzi anavyokunja gazeti kufungia karanga, wakachomelea ukingo wa nyuma, panga likawa tayari. Injini nzima, yenye uzito wa kilo 700 na zaidi, ikabaki na kromi isiyofika kilo 2 na nusu. Mtu aliyewahi kushika panga la tabaini la siku hizi, ambalo bei yake inaweza kununua kiwanja, ataelewa kwa nini nasema watu wa Dessau walikuwa mafundi.

Mapanga hayo yakaanza kukatika. Mwaka 1943 injini zilizunguka vizuri kwenye kasi ndogo, zikifika kasi kamili mapanga yanapasuka kwenye shina. Chanzo kilikuwa mtetemo. Chemba sita zilipuliza gesi kwa mapigo sita kila mzunguko, nyuma ya tabaini kulikuwa na nguzo tatu zinazokatiza gesi, na mapigo hayo yalikuwa yanalingana na sauti ya asili ya panga lenyewe. Kila panga lina sauti yake, ukiligonga linalia. Junkers walimwita mwanamuziki mwenye sikio la kutambua noti bila kusaidiwa na ala, wakampa upinde wa fidla. Akaupitisha kwenye mapanga moja baada ya jingine, akisikiliza kila moja linalia kwa noti gani. Mwishowe mapanga yakafanywa membamba zaidi kuelekea nchani, yakafupishwa milimita moja, na kasi ya juu ya injini ikapunguzwa kutoka mizunguko 9,000 hadi 8,700 kwa dakika. Milimita moja! Vijana wangu wanaodhani tupa ni ya kusafishia kutu huwa nawapa habari hii kabla sijawapa kipande cha kwanza cha kazi.

Sasa tupange kalenda ya Hitler sambamba na kalenda ya injini. Tarehe 22 Mei 1943 Adolf Galland, mkuu wa ndege za mapigano wa Ujerumani, aliirusha Me 262 yeye mwenyewe kule Lechfeld, akashuka amevutiwa mno, akashinikiza izalishwe. Wakubwa wakakubali. Tarehe 26 Novemba 1943 ilionyeshwa kwa Hitler pale Insterburg, Prussia Mashariki. Akauliza kama inaweza kubeba mabomu. Aliyejibu kwamba inawezekana ni Messerschmitt mwenyewe, na makala yenu imemsahau kabisa katika lawama. Mei 1944 Hitler akagundua kwamba ndege zinaandaliwa kwa mapigano ya angani tu, akafura, akaamuru ziwe za mabomu. Haya yote ni kweli, na sikatai kwamba amri ile iliwavuruga marubani na vikosi.

Lakini Jumo 004B ilikuwa wapi wakati huo? Michoro ya kuizalisha kwa wingi ilikubaliwa kuwa ya mwisho Juni 1944. Kabla ya hapo viwanda vya ndege vilikuwa na miili iliyokamilika inayosubiri injini. Hitler hawezi kuchelewesha kwa mwaka mzima ndege ambayo injini yake inakuja mwezi unaofuata. Tarehe 26 Julai 1944 Me 262 ya kikosi cha majaribio ikaishambulia Mosquito ya Waingereza iliyokuwa ikipiga picha angani, na vuli ya mwaka huohuo kikosi cha mapigano cha Walter Nowotny kilikuwa kazini. Mabomu hayakuizuia ndege kuwahi. Kabla ya Juni 1944 hakukuwa na kitu cha kuwahi nacho.

Na hata injini ilipofika, ilikuwa injini ya saa 25. Ndiyo muda uliowekwa wa kuiacha bawani kabla ya kuitoa, na nyingi hazikufika huko, ziliishia saa 10 au zaidi kidogo. Injini ya Welland ya Rolls-Royce, iliyofungwa kwenye Gloster Meteor za kwanza za Waingereza mwaka uleule, iliingia kazini kwa saa 180. Msukumo wa Welland ulikuwa mdogo kuliko wa Jumo, ndege yake ilikuwa ya polepole zaidi, lakini fundi wa Waingereza alilala usiku. Fundi wa Wajerumani alikuwa anafungua injini baada ya safari ishirini hivi.

Rubani naye alikuwa na kazi. Liva ya mafuta ya Me 262 ilisogezwa taratibu sana. Ukiisukuma ghafla, mafuta yanatangulia hewa, moto unarefuka hadi kwenye tabaini na kuiunguza. Ukiivuta ghafla, injini inazima, na kuiwasha tena angani ni bahati. Kwa hiyo ndege yenye mwendo wa kilomita 870 kwa saa, yenye mizinga minne ya milimita 30 puani, ilikuwa dhaifu kabisa ilipokuwa inakaribia kutua, maana haikuweza kuongeza kasi kwa haraka. Marubani wa Marekani waliligundua hilo, wakawa wanazivizia karibu na viwanja vyao. Wajerumani ikabidi waweke ndege za pistoni kuzilinda jeti wakati wa kupaa na kutua. Nowotny mwenyewe alikufa tarehe 8 Novemba 1944, karibu na uwanja wake.

Mwandishi anatoa mfano wa tarehe 18 Machi 1945, na ni mfano mzuri, ila ameutumia nusu. Siku ile Me 262 zipatazo 37 zilishambulia msafara wa ndege za mabomu zaidi ya 1,200 zilizosindikizwa na ndege za mapigano zaidi ya 600. Ziliangusha ndege za mabomu 12 na moja ya mapigano, zikapoteza tatu. Kwa hesabu ya ndege kwa ndege, ni ushindi. Kwa hesabu ya vita, zaidi ya ndege 1,100 zilifika zilikokuwa zinakwenda. Zilitengenezwa Me 262 zaidi ya 1,400 kwa jumla, na zilizokuwa tayari kuruka kwa wakati mmoja zilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo.

Kuna jambo la pili, Ndugu Mhariri, na hili ndilo lililonikera kuliko la Hitler. Makala inavitaja kwa mshangao wa furaha "viwanda vya ajabu chini ya ardhi", kisha inaendelea na habari za mizinga. Viwanda vile havikujichimba. Baada ya Wamarekani kukipiga mabomu kiwanda cha Messerschmitt cha Regensburg tarehe 17 Agosti 1943, kazi ilitawanywa misituni na mapangoni, na waliolazimishwa kuifanya ni wafungwa wa kambi za mateso na watu waliokamatwa kutoka nchi zilizovamiwa. Wazee wetu walikuwa na neno shokoa kwa kazi ya kulazimishwa, na walilijua vizuri chini ya Wajerumani hawahawa wa kizazi kilichotangulia. Kule Gusen, Austria, wafungwa wa kambi walichimba mahandaki yaliyoitwa Bergkristall, na miili ya Me 262 ikaundwa humo. Kule Kahla, Thuringia, maelfu ya watu, Waitaliano, Wapolandi, Warusi na wengine, walilazimishwa kulitoboa tumbo la kilima na kusawazisha uwanja juu yake. Ndege ilipandishwa kwa reli ya mteremko hadi kileleni ikapaa kutoka huko. Ndege chache tu zilitoka. Kule Kaufering na Mühldorf, Bavaria, Wayahudi walioletwa kutoka Hungaria, Lithuania na kwingineko walijenga mapango makubwa ya zege kwa ajili ya ndege hii. Vita vikaisha kabla hata moja haijaundwa ndani yake. Watu walikufa huko kwa njaa, kwa taifasi, kwa kubeba mifuko ya saruji, maelfu kwa maelfu, kwa ajili ya kiwanda ambacho hakikutoa ndege.

Na hili halitengani na habari ya injini. Serikali ile ilipokosa nikeli, ilipunguza nikeli. Ilipokosa mafundi, ilichukua watu na kuwatumia mpaka wafe. Injini ya saa 25 inakubalika kwa mtu anayehesabu kila kitu kuwa cha kutupa, rubani akiwa ndani yake na mfungwa aliyepiga ribiti akiwa nyuma yake. Naisifu kazi ya Franz, nimeisifu hapo juu bila kubana. Lakini sitawafundisha vijana kulitazama panga la Cromadur bila kuwaambia ni mikono ya nani iliyoifunga ndege hiyo.

Msomaji anayetaka kuiona ndege hii hana haja ya kwenda Ulaya. Nilipopelekwa Johannesburg kusomea aina mpya ya injini, siku ya mapumziko nilikwenda Saxonwold, kwenye jumba la makumbusho ya kijeshi. Ipo pale Me 262 ya viti viwili, yenye alama ya 8 nyekundu, iliyoundwa kupigana usiku kwa kutumia rada. Waingereza waliiteka mwaka 1945, na 1947 ikapelekwa Afrika Kusini. Ndiyo ya usiku pekee iliyosalia ya aina yake. Tumbo lake ni pana, mwili wa pembetatu, na injini zimening'inia chini ya mabawa karibu sana na sakafu. Nilichuchumaa mbele ya mdomo wa injini nikaitazama ile pua ya katikati. Ndani ya pua hiyo Wajerumani walificha kiinjini kidogo cha silinda mbili, kilichobuniwa na Norbert Riedel, kazi yake kuizungusha kompresa hadi injini kubwa iwake. Umeme ukikataa, fundi aliingiza mkono mdomoni mwa jeti akavuta kamba. Nikamfikiria fundi huyo alfajiri ya baridi, anavuta kamba, anaruka pembeni, halafu anaanza kuhesabu saa 25.

Makala imeahidi sehemu ya pili Jumamosi ijayo. Naomba mambo matatu. Jumo 004 itajwe kwa jina, pamoja na Dessau na Anselm Franz, kwa sababu sehemu ya kwanza imeandika maneno mengi juu ya ndege bila kumtaja aliyeipa nguvu. Gusen, Kahla na Kaufering zichapwe kwa majina yake, kwa herufi kubwa kama mlivyolichapa jina la Messerschmitt. Na picha ya ukurasa wa 14 ibadilishwe: ile ni Gloster Meteor ya Waingereza. Injini zake zimepita katikati ya bawa badala ya kuning'inia chini yake, na bawa dogo la mkiani limepandishwa juu. Ninazo picha nilizopiga mwenyewe Johannesburg, na nitaziwasilisha ofisini kwenu bila malipo mkizihitaji.

Fundi wa injini za ndege, mstaafu,
Raskazone, Tanga